Shule ya Mazimbu na Swali la Mtoto

Wengi wetu tuliotoka nyumbani kutafuta maisha tumezoea kuitazama shule kwa macho mawili tu: jicho la ada na jicho la cheti. Mtoto amefaulu au amefeli, tumelipa au tunadaiwa. Leo tunaomba tuitazame shule kwa jicho la tatu, kama mahali ambapo watu walio mbali na kwao huwatunza watoto wao wasipotee. Tutasimulia habari za shule moja iliyokuwa nyumbani kwetu Morogoro, lakini watoto wake walikuwa wa hapa Johannesburg na miji mingine ya Afrika Kusini. Na tutaanza na darasa letu wenyewe, maana ndilo lililotutia aibu mpaka tukaandika.

Sisi wazazi wa upande wa kusini wa jiji hili, Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo, tuna darasa dogo la Jumamosi. Halina jengo lake. Ni ukumbi wa kuazima, ubao mmoja, viti vya plastiki, na watoto ishirini na kitu ambao wiki nzima husoma kwa Kiingereza, hucheza kwa Kizulu, na nyumbani ukiwasemesha Kiswahili hukujibu Kiingereza. Tunawafundisha kusoma na kuandika lugha ya wazazi wao. Kila muhula hufanya kazi moja kubwa ya mikono, na mwisho wa muhula tunakuwa na Siku ya Wazazi: pilau, chapati, ngoma, mbio za magunia, na kuvuta kamba kati ya akina baba na akina mama. Akina mama hushinda kila mara, na kila mara akina baba husema kamba ilikuwa mbovu.

Muhula mmoja tulikubaliana kwamba kazi ya mikono iwe kutengeneza mfano wa Mazimbu kwa kadibodi, gundi na vijiti. Baadhi yetu tulikuwa watoto Morogoro miaka ya 1980, na tuliona kwamba hakuna habari nyingine inayofunga pamoja nchi tuliyotoka na nchi tunayoishi kama hiyo. Kabla ya kukata kadibodi, kila mtoto alipewa kazi ya kuuliza majirani watano: je, umewahi kusikia habari za Mazimbu?

Wiki iliyofuata majibu yakaja. Hakuna aliyejua. Jirani mmoja alisema kwa uhakika kabisa kwamba hiyo ni timu ya mpira ya Kongo, na mtoto wetu wa Lubumbashi alifurahi sana, ingawa ilibidi tumweleze kwamba Mazembe si Mazimbu. Tulicheka. Ndipo binti mmoja wa miaka kumi akainua mkono akauliza: "Kama sisi tuliwapokea, mbona wao hawajui?"

Swali hilo lilikuja wakati mbaya. Mwezi huohuo mtoto mmoja wa darasa letu alikuwa amerudi kutoka shuleni kwake akilia. Wenzake walikuwa wamemwita kwa lile neno ambalo sote tunalijua hapa, neno la kumwambia Mwafrika kwamba hapa si kwao. Wazazi wawili watatu walikuwa wameshapendekeza Siku ya Wazazi ifutwe. Walisema si wakati wa kupiga ngoma na kujionyesha, bora tukae kimya. Kwa hiyo binti alipouliza, watu wazima tulitazamana. Kisha mmoja wetu akasema polepole jambo lililotuuma zaidi: "Kabla ya muhula huu, na sisi tulikuwa hatujawaambia watoto wetu."

Basi tuieleze habari yenyewe kwa utaratibu.

Shule ya Rosettenville

Habari ya Mazimbu haianzii Morogoro. Inaanzia hapahapa kusini mwa Johannesburg, katika mtaa wa Rosettenville, ambako leo wanaishi Waafrika wa kila nchi. Mwaka 1922 mapadri wa Kianglikana wa shirika la Ufufuko walifungua hapo shule ya St Peter's kwa ajili ya vijana weusi. Haikuwa shule kubwa, lakini waliopita pale ni pamoja na waandishi Peter Abrahams na Es'kia Mphahlele. Alipita pia kijana aliyetoka Pondoland, Oliver Tambo, aliyesoma hapo, akaenda Chuo Kikuu cha Fort Hare, na mwaka 1943 akarudi kuwa mwalimu wa hisabati na sayansi. Wengi wetu tunalisoma jina lake kila tunaposhuka ndege, maana tangu mwaka 2006 uwanja wa ndege wa Johannesburg unaitwa kwa jina lake. Kabla hajawa kiongozi wa chama cha ANC, Tambo alikuwa mwalimu wa hesabu.

Miaka iliyofuata shule hiyo iliangaliwa na padri Trevor Huddleston. Alikuwa na mwanafunzi mmoja mtundu, jina lake Hugh Masekela. Padri alimuuliza ni kitu gani kingemfanya atulie, na kijana akajibu kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri akamtafutia tarumbeta. Wenzake wakaona, nao wakataka vyombo vyao, na shule ikapata bendi iliyoitwa kwa jina la padri huyo. Ndani yake alikuwamo pia Jonas Gwangwa, mpiga tromboni. Huddleston alipopita Marekani alimweleza Louis Armstrong habari za vijana hao, na Armstrong akawatumia tarumbeta yake. Ndivyo mambo ya shule yanavyokwenda: kinachoanza kama njia ya kumtuliza mtoto mtukutu kinaweza kumfanya awe mwanamuziki wa dunia nzima.

Lakini mwaka 1953 serikali ilipitisha Sheria ya Elimu ya Kibantu. Lengo lake halikufichwa: mtoto mweusi asifundishwe zaidi ya kazi za chini alizokusudiwa. Shule za makanisa zilitakiwa kukabidhiwa kwa serikali au zinyimwe ruzuku. Wakuu wa St Peter's waliamua kuifunga kuliko kuikabidhi, na ilifungwa mwaka 1956. Huddleston aliondoka nchini. Na tazameni alikopelekwa: mwaka 1960 aliwekwa kuwa Askofu wa Masasi, kusini mwa Tanganyika, akakaa huko mpaka 1968. Tambo naye aliondoka mwaka 1960 kwenda kujenga chama chake uhamishoni, na kwa miaka kadhaa makao ya chama hicho yalikuwa Morogoro. Kwa hiyo mwalimu na mlezi wa shule ile ndogo wote wawili walifika kwetu.

Juni 1976

Miaka ishirini baada ya St Peter's kufungwa, watoto waliolelewa chini ya sheria ile walisimama wenyewe. Serikali ilikuwa imeamuru nusu ya masomo, hisabati ikiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikaans, lugha ya Makaburu. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana wakiwa na sare zao za shule. Polisi walifyatua risasi. Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, alikuwa miongoni mwa waliouawa, na picha yake akiwa amebebwa mikononi ilizunguka dunia nzima. Ghasia zilienea nchini, mamia wakauawa, na maelfu ya vijana wakatoroka kupitia Botswana, Msumbiji na Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini.

Wengi walitoroka wakitaka bunduki. Lakini wengine walikuwa watoto wa miaka kumi na minne, kumi na mitano. Mtoto wa umri huo hapelekwi vitani, na kurudi nyumbani hawezi. Chama kikajikuta na tatizo ambalo kila jamii iliyo mbali na kwao hulijua: watoto hawa wasome wapi, na wasome nini?

Shamba la mkonge

Tanzania wakati huo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963. Mwaka 1977 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, kilometa chache kutoka mjini Morogoro. Mkuu wa Mkoa wakati huo, Mama Anna Abdallah, anakumbukwa kwa jinsi alivyolisimamia jambo hilo. Shamba lilikuwa limeachwa, nyumba chache zilizokuwepo zilikuwa zimechakaa, na msitu ulikuwa umeshaanza kurudi. Vijana wa kwanza walianza masomo mwaka 1978 katika majengo hayo ya zamani huku wakisafisha na kukarabati.

Tarehe 6 Aprili 1979 Makaburu walimnyonga Solomon Mahlangu gerezani Pretoria. Alikuwa na umri wa miaka 22. Alizaliwa Pretoria, akakulia Mamelodi, akatoroka mwaka 1976, na alikamatwa Juni 1977 hapa Johannesburg, katika mtaa wa Goch, baada ya mapambano ambamo watu wawili waliuawa. Hakuwa yeye aliyewapiga risasi, lakini mahakama ilimhukumu kufa. Shule ya Mazimbu ikapewa jina lake: Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu. Watu walikiita kwa kifupi SOMAFCO.

Sisi tuliosomea uhandisi ughaibuni tulifundishwa kwamba huwezi kujenga mji kabla ya kujua maji yatatoka wapi na majitaka yatakwenda wapi. Tulipokuja kuitazama Mazimbu kwa macho ya kazi yetu, tukiwa watu wazima, ndipo tulipoelewa ukubwa wa jambo lililofanyika pale. Hawakujenga madarasa tu. Walijenga mji mdogo: mabweni, nyumba za walimu, maktaba, hospitali, shule ya msingi, shule ya chekechea, barabara, mabomba na mifumo ya majitaka, karakana na shamba la mifugo na mazao. Ramani zilichorwa na wasanifu na mafundi wa chama wenyewe, wakisaidiwa na watu wa kujitolea kutoka nje. Fedha na vifaa vilitoka Sweden, Norway, Denmark, Finland, Uholanzi na kwingineko. Mikono iliyochanganya zege ilikuwa ya Waafrika Kusini na ya vibarua wetu wa Morogoro, bega kwa bega. Oliver Tambo, yule mwalimu wa hisabati wa Rosettenville, ndiye aliyekuja kuifungua rasmi mwezi Agosti 1985.

Darasa na jembe

Kilichotufanya tuichague Mazimbu kwa watoto wetu ni namna masomo yake yalivyokuwa. Asubuhi wanafunzi walisoma hisabati, sayansi na Kiingereza, wakijiandaa kwa mitihani ya London, maana hakuna aliyejua watasoma wapi baadaye na cheti chao kilihitajika kutambuliwa popote. Lakini kulikuwa pia na somo la historia ya mapambano yao, na jingine la maendeleo ya jamii, ambalo lilimtaka kijana aeleze jamii ilivyotoka na inakokwenda. Haya ndiyo masomo ambayo Elimu ya Kibantu ilikusudia wasiyajue.

Kisha kulikuwa na kazi. Wanafunzi walipangiwa zamu shambani, kwenye mifugo, jikoni na kwenye ujenzi. Kulikuwa na karakana ya samani iliyopewa jina la Vuyisile Mini, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo aliyenyongwa mwaka 1964. Madawati na vitanda vilitengenezwa palepale. Sisi tuliokulia katika Elimu ya Kujitegemea, tuliokwenda shule na jembe na ndoo, tunaijua hali hiyo vizuri. Tena tunajua kwamba si kila mwanafunzi aliipenda. Huko Mazimbu nako vijana walinung'unika. Walisema hawakukimbia Soweto ili waje kulisha nguruwe. Walimu na viongozi walibishana kwa miaka: je, kazi ni sehemu ya elimu, au ni njia ya kupunguza gharama? Mjadala huo haukuisha, na pengine haupaswi kuisha.

Kulikuwa pia na jambo la wasichana. Baadhi walipata watoto wakiwa bado wanafunzi, kama inavyotokea kokote vijana wanakoishi mbali na wazazi. Mahali pengi msichana huyo angefukuzwa shule, na kwetu Tanzania tulifanya hivyo kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2021 serikali ilipowaruhusu kurudi. Mazimbu walijenga kituo cha kulelea watoto kilichoitwa kwa jina la Charlotte Maxeke, ili mama asome na mtoto alelewe. Huenda haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa, lakini nia ilikuwepo, na jengo likasimama.

Sikukuu za Mazimbu

Sisi tuliokuwa watoto mjini Morogoro hatukuyajua mambo ya mitaala. Tulichokijua ni sikukuu. Mazimbu ilikuwa na kalenda yake. Tarehe 8 Januari walisherehekea kuzaliwa kwa chama chao mwaka 1912. Tarehe 16 Juni walikumbuka Soweto. Tarehe 9 Agosti ilikuwa ya wanawake, kwa kumbukumbu ya maelfu ya wanawake walioandamana Pretoria mwaka 1956. Tarehe 16 Desemba walikumbuka kuanza kwa jeshi lao mwaka 1961.

Siku hizo kulikuwa na hotuba, bila shaka, na hotuba ndefu. Lakini kulikuwa na kwaya, na mtu ambaye hajasikia kwaya ya Waafrika Kusini ikiimba bila chombo chochote, chini ya milima ya Uluguru jua linapozama, bado ana kitu cha kusikia duniani. Kulikuwa na maigizo, na kulikuwa na mpira, na mpira ndio uliotuleta karibu. Tulikwenda kuwatazama, tukajifunza nyimbo zao bila kuelewa hata neno moja, tukarudi nyumbani tukizipiga kwa makopo. Wao walijifunza kwetu kusema "shikamoo", na walishangaa kwamba salamu hiyo haina mzaha. Uhamishoni, Jonas Gwangwa, yule kijana wa bendi ya Rosettenville, aliongoza kikundi cha sanaa cha Amandla kilichozunguka dunia kikieleza habari za nchi yao kwa nyimbo na ngoma. Bendi ya shule iliyofungwa haikufa. Ilihama.

Tumefikiri sana kwa nini watu waliokuwa katika vita walijisumbua na sherehe. Jibu tulilolipata ni hili. Wengi wa watoto wale walitumia majina ya bandia ili ndugu zao nyumbani wasisumbuliwe na polisi. Barua zilikuwa shida, na wengi hawakujua kama mama yupo hai. Mtoto wa namna hiyo, ukimpa hisabati peke yake, utapata mtu anayejua hisabati na hajui yeye ni nani. Sikukuu ilimwambia: una kwenu, kwenu kuna siku zake, na siku hizo tunazitunza mpaka tutakaporudi.

Yaliyokuwa machungu

Tusiwadanganye watoto kwa kuwapa hadithi tamu tupu. Miaka ile ya 1980 Tanzania ilikuwa na dhiki. Tulipanga foleni za sukari na sabuni, na nguo zilikuwa za kuokoteza. Mazimbu walikuwa wakipokea misaada ya nje, na baadhi ya nguo hizo zilipita uani zikauzwa mjini na vijijini. Wapo wenzetu waliovaa suruali yao ya kwanza ya jinzi kwa njia hiyo. Wengine waliona wivu, wengine waliona dharau. Kulikuwa na ugomvi wa pombe, na malalamiko ya pande zote mbili. Wageni walihitaji ruhusa kutoka kambini, nao walichoka kuishi hivyo.

Mwaka 1990 chama chao kiliruhusiwa tena nchini mwao na Mandela akatoka gerezani. Watu wakaanza kurudi. Mwezi Julai 1992 Tambo, akiwa tayari amedhoofishwa na maradhi, aliikabidhi Mazimbu kwa serikali ya Tanzania chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Hawakung'oa hata dirisha. Waliacha mji mzima, pamoja na makaburi ya wenzao. Tambo alifariki Aprili 1993, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa kwanza huru. Leo majengo yale ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na vijana wa Kitanzania wanasoma ndani ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya vijana wa Soweto.

Lakini walibaki pia wake wa Kitanzania ambao waume zao walirudi kusini, na watoto waliokua wakimjua baba kwa picha. Wengine walikuja kufuatwa, wengine hawakufuatwa. Hilo nalo ni sehemu ya historia, na kuna watu wazima leo Morogoro wanaolibeba.

Agosti na Septemba

Mwezi Agosti 2019, wakati wa mkutano wa wakuu wa nchi za SADC uliofanyika Dar es Salaam, Rais Cyril Ramaphosa alikwenda Mazimbu. Mkutano huohuo ulikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Mwaka mmoja kabla, serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imetangaza kwamba Kiswahili kitaweza kufundishwa katika shule zake kama somo la hiari kuanzia 2020. Sisi tulioko huku tulipeana habari hizo kwa furaha.

Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Septemba 2019, maduka ya wageni yaliteketea hapa Johannesburg. Tulifunga milango, tukawaita watoto ndani, tukakumbuka Mei 2008, wakati watu zaidi ya 60 walipouawa nchini, na tukakumbuka pia 2015. Ndani ya wiki chache tuliheshimiwa Mazimbu na kukimbizwa Johannesburg.

Hapo ndipo mtu anaposhawishika kuitoa historia kama hati ya deni: tuliwalisha, tuliwaficha, leo mnatufukuza. Sisi wenyewe tumeyasema hayo, hasa usiku wa hofu. Lakini kadiri tulivyofikiri tuliona kwamba haifai. Kwanza, wengi wanaotukana mitaani walizaliwa baada ya 1992 na hawana kazi wala hawajafundishwa lolote. Huwezi kumdai mtu deni ambalo hajawahi kuonyeshwa karatasi yake. Pili, wahenga walisema tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Wapo kati yetu wanaouchukua msemo huo kama amri ya kunyamaza, lakini sivyo. Umetukataza kungoja shukrani. Haukutukataza kuwasimulia watoto.

Jibu kwa binti

Siku ya Wazazi hatukuifuta. Tulijadiliana jioni nzima, na aliyetushinda kwa hoja alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mama yake yule mtoto aliyetukanwa. Alisema: "Mkifuta, mwanangu ataelewa kwamba wale waliomtukana walisema kweli."

Tukafanya jambo moja ambalo hatukuwahi kulifanya. Tuliwaalika majirani. Mfano wa Mazimbu tuliuweka mlangoni, mahali ambapo mtu asingeweza kulifikia pilau bila kuupita. Ulikuwa mfano wa kawaida wa watoto. Milima ya Uluguru ilikuwa ya magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, mabweni yalikuwa maboksi ya viatu, na hospitali ilikuwa kubwa kuliko shule kwa sababu aliyeijenga alipata boksi kubwa. Mhandisi yeyote angeona kwamba mabomba yake yalikuwa yanapandisha maji mlimani. Maelezo watoto waliyaandika kwa Kiswahili, Kiingereza na Kizulu, na Kizulu kilisahihishwa na jirani mmoja palepale mlangoni, kwa kalamu yake, huku akicheka.

Majirani hawakuja wengi. Waliokuja walisimama, wakasoma, wakauliza. Aliyekuwa akiwajibu ni yule mtoto wa Bukavu, kwa sababu Kizulu chake ndicho kizuri kuliko vya wote. Mzee mmoja wa mtaa alisoma jina la Solomon Mahlangu, akalisoma tena, akauliza kama ni yuleyule aliyekamatwa mtaa wa Goch. Mtoto akamwambia ndiye, na kwamba shule yake iko Morogoro. Mzee akasema: "Hatukuambiwa walikwenda wapi." Kisha akakaa, akala, na kwenye kuvuta kamba aliungana na akina baba. Tukashindwa kama kawaida.

Hatudai kwamba siku moja ya chapati imeubadilisha mtaa. Mtoto wetu ametukanwa tena tangu hapo. Lakini safari hii hakurudi akilia, alirudi na swali jingine, na hilo tumelihesabu kuwa ni maendeleo.

Na binti aliyeuliza tulimjibu hivi mbele ya wenzake: hawajui kwa sababu hawajaambiwa, na kazi ya kuwaambia haikuwa yao peke yao. Akafikiri kidogo, akasema basi muhula ujao tujenge shule ya Rosettenville, maana ile iko karibu na tunaweza kwenda kuitazama kwa miguu. Tumekubali.

Kwa hiyo ndugu zetu mlioko London, Toronto, Muscat, Minneapolis na kwingineko, kama mna darasa la Jumamosi, hata la watoto watano, msilidharau. Tafuteni katika mji mliomo jambo linalowaunganisha watoto wenu na watu wa hapo, mlitengeneze kwa kadibodi, na mwaalike majirani. Na kama kuna kati yenu aliyeishi Mazimbu, au aliyechanganya zege pale, au aliyebaki na mtoto pale, tunaomba aandike. Watoto wetu wana maswali mengi, na majibu tuliyonayo bado ni machache.